Macho yaliniwaka miaka mitano, sikusema

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini. Nakaa barazani, si mbali na stendi, na kazi hii naifanya tangu usichana wangu. Mwaka 2014 nilikwenda kupimwa miwani kwa sababu kutunga uzi kulianza kunishinda, nikarudi nyumbani na habari nyingine kabisa: presha ya macho. Glakoma. Jicho la kulia lilikuwa na 32, la kushoto 30, wakati kwa watu wengi haivuki 21. Nilikuwa na miaka 46 na macho yangu hayakuwahi kuniuma hata siku moja.

Mama yangu mzazi alipofuka kidogokidogo, na sote nyumbani tulisema ni uzee. Siku ile kliniki ndipo nilipotambua alichokuwa nacho. Kwa hiyo nilipopewa chupa ya kwanza ya matone sikubisha. Niliambiwa kilichokwisha kupotea hakirudi, kazi ya dawa ni kulinda kilichobaki, na nitaitumia maisha yangu yote. Nikakubali yote.

Ambacho sikuambiwa, au pengine niliambiwa nikashindwa kusikia kwa ile hofu, ni kwamba matone yanayolinda mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho, ule unaopeleka picha kwenye ubongo, yanaweza kuliumiza jicho kwa mbele. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuiandika leo, kwa sababu nilikaa nayo kimya miaka mitano na kimya hicho kilinigharimu.

Nilianza na latanoprosti, tone moja kila jicho usiku. Mwaka wa pili presha ikagoma kushuka ilivyotakiwa, nikaongezewa timololi asubuhi na jioni. Baadaye ikaja dorzolamidi, nayo mara mbili kwa siku. Ukijumlisha unapata matone matano kwa kila jicho kila siku ya Mungu. Kwa mwaka ni matone 1,825 kwenye jicho moja.

Kuwaka kulikuja taratibu. Mwanzoni nilihisi kama kuna mchanga chini ya kope. Kisha asubuhi nikawa naamka kope zimegandana. Ikifika saa nane mchana macho ni mekundu na machozi yanatiririka, na nikiwa nashona kitambaa cheupe ndiyo zaidi. Wateja wakawa wananiuliza, "Mama, kuna msiba?" Nikawa najibu ni vumbi. Moshi kuna vumbi, hasa Januari na Februari kabla ya masika, kwa hiyo jibu hilo halikupingwa na mtu.

Kliniki nako swali lilikuwa moja: "Mama, dawa unatumia vizuri?" Nami najibu, "Natumia, daktari." Presha inapimwa, 16 au 17, naandikiwa chupa nyingine, naondoka. Foleni ni ndefu, daktari amechoka, nami nimelelewa nikijua dawa ni chungu na mgonjwa huvumilia. Niliona kulalamikia kuwaka ni kukosa shukrani, wakati pale kwenye benchi kuna watu wa umri wangu wanashikwa mkono na wajukuu wao. Na chini ya yote hayo kulikuwa na woga: nikisema dawa inanichoma wataniondolea, na wakiniondolea nitaishia alikoishia mama.

Desemba 2019 ndipo nilipokosea.

Desemba kwetu watu wanarudi kutoka kila kona ya nchi. Harusi, vipaimara, sare za kamati, kila mtu anataka nguo yake kabla ya Krismasi. Nilikuwa nashona mpaka saa sita usiku na macho hayafunguki vizuri. Nikaanza kuruka matone ya asubuhi ili niweze kufanya kazi. Kisha nikaingia duka la dawa nikasema nina macho mekundu, yanawasha. Dada wa dukani akanitazama, akatoa kachupa kadogo, akasema hii inasafisha vizuri. Kweli, siku ya pili tu macho yalikuwa meupe. Nilikuwa nimesahau jicho lisilouma linakuwaje. Ile chupa ilipokwisha nikanunua nyingine, na nyingine.

Mwishoni mwa Februari nikaenda kliniki kama kawaida. Daktari kijana, mpya kwangu, akapima, akapima tena. Jicho la kulia 28, la kushoto 27. Akaniuliza, "Mama, kuna dawa nyingine yoyote unayoweka machoni?" Nikatoa kile kichupa kwenye mkoba. Akakigeuza kuelekea kwenye mwanga, akasoma yale maandishi madogo, akakiweka mezani taratibu. Ndani yake mlikuwa na deksamethasoni. Ni steroidi. Inapooza wekundu haraka, na kwa baadhi yetu, hasa tulio na glakoma, inapandisha presha ya jicho bila kuuma, bila dalili yoyote. Kila nilipofurahia weupe wa macho yangu, mshipa kwa nyuma ulikuwa unabanwa.

Nilirudiwa kipimo cha upana wa kuona, kile cha kubonyeza kitufe kila ukiona kinuru. Kwenye jicho la kulia, upande wa juu karibu na pua, lile giza la zamani lilikuwa limepanuka. Halijarudi hadi leo. Yule dada simtupii lawama zote. Mimi ndiye niliyemtajia macho mekundu nikaacha kumtajia presha ya macho. Lakini nasema kwa nguvu zangu zote kwa kila anayesoma hapa: ukiwa na glakoma, usiweke tone lolote la dukani machoni kabla hujaonyesha chupa kwa wanaokutibu. Hata kama jirani yako limemponya. Hata kama lilikuponya wewe mwaka jana.

Yule daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unatafuta nini hata ukainunua?" Nikaanza kusema. Mchanga, kugandana, machozi, kuruka dawa, yote ya miaka mitano yakatoka.

Akachukua kijikaratasi chenye rangi ya manjano, akakilowesha, akakigusisha ndani ya kope la chini. Akazima taa, akaniweka kidevu kwenye ile mashine, akawasha mwanga wa bluu. "Pepesa mara moja. Sasa usipepese tena, tazama tu." Akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika nne aliacha. Akaniambia machozi yangu yanapasuka kwa sekunde tatu, nne hivi. Ile rangi inatanda kwenye jicho kama utando mmoja, kisha panatokea matundu meusi mahali machozi yalipoachia. Kwa jicho lenye afya angehesabu zaidi ya kumi kabla ya tundu la kwanza. Na kwenye kioo cha jicho, sehemu ya chini, akaona vidoa vidogovidogo vya manjano vinavyong'aa, vingi kama vumbi la chaki. Kila kidoa ni mahali ngozi ya juu imechubuka na rangi imeingia. "Mama," akasema, "hii si vumbi la Moshi."

Alinichorea nyuma ya kadi yangu. Machozi si maji matupu. Chini kuna ute unaoyashikisha kwenye jicho, katikati kuna maji, juu kuna utando mwembamba wa mafuta unaozuia maji yasikauke. Sasa kwenye chupa nyingi za matone, pamoja na dawa yenyewe, kuna kihifadhi kiitwacho benzalkoniamu kloraidi. Hakishushi presha. Kimewekwa ili vijidudu visizaliane ndani ya chupa kwa zile wiki unazoifungua na kuifunga. Lakini ni jamii ya sabuni, na kinatumika hata kwenye dawa za kufutia vyombo na meza kuua vijidudu. Sabuni inavyofanya mafuta, kila aliyeosha sufuria anajua. Utando wa mafuta ukivunjika, maji yanakauka upesi. Chembe zinazotoa ule ute zinapungua, na ngozi ya juu inaanza kuchubuka. Jicho likiumia linaita machozi ya dharura, maji tu yasiyo na mafuta wala ute wa kutosha, ndiyo maana mtu anatiririkwa na machozi na bado jicho lake ni kavu. Hilo la kutokwa machozi huku jicho limekauka lilikuwa limenisumbua akili muda mrefu.

Si kila mtu yanampata haya. Wapo wanaoweka tone moja la usiku miaka nenda rudi bila shida. Kinachoumiza ni wingi: chupa ngapi, mara ngapi kwa siku, miaka mingapi. Mimi nilikuwa na chupa tatu, zote zina kihifadhi hicho. Na dawa zenyewe zina tabia zake. Dorzolamidi inachoma kidogo pale inapoingia hata kwa mtu mwenye jicho zima, na zipo nyingine ambazo mtu huzitumia miezi mingi vizuri kisha jicho likazikataa, kope zikavimba na kuwasha.

Kuna jambo moja alilisema ambalo lilinikaa kuliko yote. Kama siku moja matone yakishindwa, nitahitaji upasuaji wa kutengeneza njia ya maji kutoka ndani ya jicho, na njia hiyo inapita chini ya ile ngozi laini inayofunika weupe wa jicho. Ngozi iliyowaka miaka mingi inapona kwa kovu nene, na kovu linaweza kuziba njia. Hapo mimi fundi nilielewa bila kuelezwa zaidi. Kola iliyofuliwa kwa sabuni kali kila siku, ukija kuigeuza haishiki mshono, uzi unakata kitambaa. Kumbe nilikuwa nachakaza kitambaa ambacho kesho nitamletea fundi mwingine akishone.

Hakuniondolea dawa. Woga wangu wote wa miaka mitano, na hakuniondolea. Alipunguza chupa. Timololi na dorzolamidi zipo zilizochanganywa pamoja, kwa hiyo matone matano yakawa matatu, dawa zilezile, sabuni kidogo zaidi. Akaniandikia machozi ya bandia yasiyo na kihifadhi, yale ya vichupa vidogo vya plastiki vya kuvunja kichwa. Kikishavunjwa kitumie siku hiyo, usikiweke kwa ajili ya kesho, maana hakina kitu cha kuzuia vijidudu. Dawa za presha zisizo na kihifadhi nazo zipo, ila nilipozitafuta hapa nilizunguka maduka mengi, na nilipozipata bei ya mwezi mmoja ilinishinda. Nazitaja ili anayeweza aulize.

Kisha akaniomba nimwonyeshe ninavyoweka tone. Nikainua kichwa, nikaminya, matone mawili yakaingia, la tatu likateleza shavuni. Miaka mitano na hakuna aliyewahi kuniangalia nikiweka. Jicho halibebi hata tone moja zima, akasema, la pili linamwagika tu au linakwenda kooni. Ndiyo maana nilikuwa nasikia uchungu mdomoni kila jioni.

Sasa nafanya hivi. Saa tatu usiku naosha mikono kwa sabuni na kusuuza vizuri. Nachovya kitambaa safi kwenye maji ya moto yanayovumilika mkononi, nakikamua, nakilaza juu ya macho niliyoyafumba kama dakika tano, nikikichovya tena kinapopoa. Kwenye kingo za kope, pale nywele zinapoota, kuna vijitundu vinavyotoa yale mafuta ya machozi, na mafuta yakiganda joto linayalainisha. Napapasa kope kwa kidole kuelekea kwenye nywele, la juu kushuka, la chini kupanda, kisha nafuta kingo. Kwa jambo lisilo na gharama, hili limenisaidia mno.

Halafu nalala chali. Navuta kope la chini mpaka linafanya kimfuko, naelekeza chupa bila kuigusisha, tone moja. Nafumba jicho polepole, sipepesi, sikamui. Kidole kimoja nakiweka kwenye kona ya jicho upande wa pua, nabonyeza kiasi cha kuhisi mfupa. Hapo ndipo pana kitundu cha kupeleka machozi puani, na ukikiziba dawa inabaki jichoni badala ya kwenda mwilini. Si suala la uchungu mdomoni tu. Timololi ikiingia mwilini inaweza kupunguza mapigo ya moyo, na mwenye pumu haifai kabisa. Muda wa kubonyeza ni dakika mbili. Sina saa ya kuangalia nikiwa nimefumba, kwa hiyo nasali Baba Yetu mara nne, polepole. Ndipo nafuta kilichobaki kwenye ngozi, kwa sababu latanoprosti ikikaa juu ya ngozi inaweza kuiachia weusi. Machozi ya bandia nayaweka mbali na dawa, dakika kumi hivi kabla au baada, ili moja lisisombe jingine. Nilipokuwa na chupa mbili za dawa niliacha angalau dakika tano kati yake.

Barazani pia nimebadilisha. Mtu anaposhona, au anapotazama simu, anasahau kupepesa, na jicho linakauka hapohapo. Mimi nikimaliza kila mshono mrefu, kabla sijakata uzi, nafumba macho kabisa na kuyafumbua. Imeshakuwa sehemu ya mkono wangu kama kuinua mguu wa mashine. Feni niliyokuwa nimeielekeza usoni sasa inapuliza miguuni. Pasi ya mkaa nimeitoa nje upande ambao upepo unaondoa moshi, na nikipanda bodaboda navaa miwani.

Baada ya wiki sita hivi niliamka siku moja kope hazijagandana. Wekundu ulichukua muda zaidi, miezi, na hauishi wote, kwa kuwa hiyo dawa ya usiku yenyewe inatia wekundu kiasi.

Mwaka 2022 nilipigwa leza macho yote mawili, mwanga maalumu unaosaidia maji ya ndani ya jicho yatoke na presha ishuke. Niliiulizia mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba hapahapa kwetu, hospitali ya KCMC, ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ukilinganisha leza hiyo na matone ya timololi kwa wagonjwa 201. Baada ya mwaka mmoja, waliopigwa leza presha ilifika ilipotakiwa kwenye asilimia 61 ya macho, na waliotumia matone kwenye asilimia 31. Kinachonigusa ni kwamba si habari ya Ulaya, ni macho ya watu tunaonunua nao ndizi. Leza yenyewe ni dakika chache, unaona vinuru, unahisi kama kuchomwachomwa kidogo, unarudi nyumbani. Haimfai kila mtu, na kwa wengine nguvu yake hupungua baada ya miaka, inabidi irudiwe. Kwangu ilitosha kuondoa ile chupa ya mchanganyiko. Nimebaki na tone moja la usiku na machozi yangu ya bandia. Kutoka 1,825 kwa mwaka mpaka 365.

Tangu nianze kusimulia haya watu wamenishauri maziwa ya mama anayenyonyesha, asali, maji ya shubiri, maji ya chumvi. Najua wanasema kwa upendo. Jicho lililochubuka ni mlango wazi, na vitu hivyo vinaingia na vijidudu vyake. Kama unataka kumsaidia mtu mwenye glakoma, msaidie nauli ya kliniki, au mshikie chupa kama mkono wake unatetemeka. Mjukuu wangu wa darasa la nne ndiye anayeniandikia tarehe kwenye kila chupa mpya ninapoifungua, kwa kalamu isiyofutika, na wiki ya nne ikiisha ananikumbusha: "Bibi, hii tumeshamaliza nayo." Chupa ambazo hazijafunguliwa zinakaa kwenye friji ya jirani.

Kliniki yangu ni wiki ya pili ya mwezi ujao. Nyuma ya kadi, chini ya mchoro wa yule daktari, nimeshaandika nitakayosema kabla hajauliza kama natumia dawa vizuri: jicho la kushoto linawasha tangu upepo uanze, la kulia hapana. Asubuhi hazigandi. Machozi ya bandia mara nne kwa siku, yamebaki ya siku kumi. Naomba anipime tena kwa ile rangi ya manjano, na ahesabu kwa sauti.